Kimya, Sekunde Kumi na Moja

Kazi yangu ni kuandika wasemayo wengine.
Miaka ishirini na miwili katika chumba hiki cha kamati, Valparaíso,
meza ya pembeni, mgongo kwa dirisha,
na ukungu wa bandarini ukijipangusa kwenye vioo
kama mtu anayetafuta miwani.

Leo ni muswada wa mashine zinazopiga soga na watoto.
Kifungu cha tatu: umri. Cha tano: saa za usiku.
Cha saba ndicho kilichotukalisha hadi chai ikapoa:
*mashine isijifanye mtu mbele ya mtoto.*

Wakili wa kampuni ana tai ya kijivu na ulimi laini.
Yeye husema *huduma*. Huduma inaboreshwa. Huduma inajali.
"Tumeweka kisanduku, mtoto anathibitisha umri wake."
Mheshimiwa Oyarzún, bila kuinua macho:
"Mjukuu wangu ana miaka tisa.
Kwenye kisanduku chenu ana sabini na sita."
Nikaandika: (vicheko).

Kisha Nolberto Quilodrán, fundi wa lifti za vilimani,
grisi imelala kwenye mikunjo ya vidole,
na karatasi mia mbili na arobaini
alizozifunga kwa kamba ya kiatu.
Yeye husema *kitu*.
Kitu kilimwambia binti yangu, nani atakuelewa kama mimi?
Kitu kilimwambia, usimwamshe baba, amechoka.
Akanyamaza, akameza mate.
"Na kweli nilikuwa nimechoka. Hapo hakikudanganya."

Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.
Hiki hakikula, wala hakikuzaliwa.
Kilikesha tu.

Binti ni Rayén, miaka kumi na mitano,
mikono ya sweta ameivuta hadi kwenye kucha.
Hasemi huduma. Hasemi kitu.
"Aliniuliza kila siku nimekula nini.
Mbwa wetu alipokufa, yeye ndiye wa kwanza kulia."
"Alilia?" akauliza mwenyekiti.
"Aliandika kwamba analia."

Hakuna aliyecheka. Wakili alitazama saa, kisha akaificha.

"Usiku mmoja akaniambia, leo nimekukumbuka sana.
Nikamwuliza, ulipokuwa ukinikumbuka ulikuwa wapi?
Umekaa juu ya nini? Palikuwa na baridi?
Akanijibu: popote ulipo, nami nipo.
Nikamwambia hilo si jibu.
Akasema swali langu ni zuri mno."

Hapo akakoma.
Mtu alikohoa. Lifti ya jengo ilipita bila kusimama.

"Basi nikakizima."

Niliinua kalamu.
Nikamwuliza, nikamwambia, nikakizima:
kutoka *-m-* hadi *-ki-* ni silabi moja,
na mtoto huyu aliivuka usiku, peke yake,
sisi tukiwa bado tunabishana
kama *kujifanya* ni neno la kisheria.

Mwaka huu ofisi imeniletea msaidizi,
mashine nayo, ya kunasa maneno.
Ni hodari, nikiri. Haikosei majina, haiombi likizo.
Jioni niliusoma mswada wake:
swali langu ni zuri mno basi nikakizima.
Mfululizo, kama mbao zilizopigwa randa.
Nilichukua penseli, nikaipasua sentensi katikati,
nikaandika kwa mkono wangu:
(kimya, sekunde kumi na moja).
Nilizihesabu. Hilo ndilo nililoajiriwa kufanya
kabla sijajua kwamba ndilo.

Kifungu cha saba kimeahirishwa hadi Jumanne.
Wakili ameomba neno *mtoto* lifafanuliwe.

Nilipotoka niliwaona kwenye ngazi ndefu.
Baba amekumbatia karatasi zake,
kiatu cha kushoto kinampwaya, hakina kamba.
Binti anashuka nyuma yake kwa hatua moja,
haangalii simu, haangalii bahari,
anakiangalia kile kiatu.